Kibatari Kwenye Foleni ya Karani

Wifi yangu alikuja dukani Jumamosi moja, saa saba na nusu mchana, nikiwa nimeshafunga mlango nusu. Akapita katikati ya magauni yaliyoning'inia, akasimama mbele ya meza yangu ya kukatia, akasema anataka mumewe afe.

Nilikuwa na pini nne mdomoni, kwa hiyo sikumjibu papo hapo. Mumewe ni kaka yangu. Tulikuwa tumemzika wiki sita kabla, mimi na wifi tumeshikana mikono tusianguke, na nijuavyo mimi, mtu akishazikwa upande huo ameumaliza.

"Alishakufa, wifi," nikamwambia nilipozitema pini.

"Kwangu ndiyo. Kwenu bado."

Hapo nikajua Profesa amefungua domo lake.

Ngoja nieleze, maana watu wakisikia habari hii nusunusu hudhani sisi ni wendawazimu. Mimi ni fundi cherehani. Nina duka la chumba kimoja, cherehani tatu, pasi nzito, na meza ya kukatia ambayo mtu mzima anaweza kulala juu yake akajinyoosha. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumamosi nikishafunga, tulikuwa tunaondoa vitambaa mezani na kukaa watu wanne kucheza. Mimi, kaka yangu aliyekuwa fundi saa mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, Nesi, anayefanya kazi kliniki ya macho, na Profesa, ambaye si profesa hata kidogo, anafundisha hesabu sekondari na anapenda kurekebisha maneno ya watu.

Mchezo wenyewe ni dunia. Dunia isiyokuwepo, tuliyoitunga sisi wenyewe kwenye daftari la mistari. Kila mchezaji ana mtu wake mmoja, ameandikwa kwenye kipande cha ile karatasi ya kahawia ninayochorea mitindo, na huyo mtu anakwenda anakotaka, anafanya anachotaka, dadu zikimruhusu. Mimi sina mtu. Mimi ni Mtunza. Ninasema kuna nini nyuma ya mlango, ninasemea miungu, ninaamua kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani, na kila mtu ananinunia. Mtu wa kaka yangu alikuwa mchawi mzee mwenye magoti mabovu, jina lake Kibatari.

Sasa, tuna sheria moja ndogo. Mchezaji asipokuja, mtu wake analala nyumba ya wageni, na hakuna kinachomgusa mpaka mwenyewe arudi. Tuliitunga kwa ajili ya zamu za Nesi. Hatukuwahi kufikiria kwamba kuna kutokuja kwa namna nyingine. Kaka alipofariki, Jumamosi iliyofuata hatukucheza. Iliyofuata hiyo tukakaa, tukatazamana, Nesi akauliza, "Na Kibatari?" Nikasema, "Amelala." Tukaendelea.

"Nilikuwa duka la mikate," wifi akasema. "Huyo mwalimu wenu akanishika mkono mbele za watu. Eti, usihuzunike mama, kwetu yupo, amelala tu. Nimerudi nyumbani nimekaa kitandani na viatu vyangu mpaka miguu ikafa ganzi. Wewe ndiye uliyeniambia nimwachie aende. Wewe! Kumbe wewe mwenyewe umemficha huku kwenye karatasi."

"Sikumficha."

"Siwezi kuwa mjane nusu," akasema. "Mmalize."

Nilikasirika, sitadanganya. Mimi na wifi yangu tumetaniana miaka thelathini na tano, nimemwita mwizi wa kaka yangu, ameniita kidomodomo, na hakuna aliyewahi kuchukia. Siku ile nilichukia. Nilitaka kumwambia kwamba yeye kabakiwa na nyumba, na nguo, na kitanda, na mimi nimebakiwa na karatasi moja ya kahawia, naye anaifuata hiyo hiyo. Nikameza. Nikamwambia jambo la pili, ambalo nalo lilikuwa kweli.

"Akifa Kibatari, anakufa na mungu."

"Mungu gani?"

Ikabidi nimwonyeshe.

Kwenye rafu juu ya cherehani ya tatu nina makopo sita. Kila kopo ni mungu. Katika dunia yetu miungu hawakuumba kitu. Wao wenyewe wanaumbwa kwa kuitwa. Mtu wa karatasi akimwomba mungu kwa dhati, ninatia kifungo kimoja cha nguo kwenye kopo la mungu huyo. Mungu akitenda jambo, kifungo kinatoka. Akiombwa sana anakuwa mkubwa, ana kiburi, anachagua wa kumsikiliza. Asipoitwa, anakonda. Pasipokuwa tena na mtu wa kuita jina lake, hata kopo likiwa na vifungo, ndiyo basi, amekufa, na mimi ninatumia kopo kuwekea chaki. Ndiyo maana miungu wetu ni waoga kuliko watu. Mtu anajua atakufa, anajipanga. Mungu anaishi akihesabu sauti.

Mama Kizingiti, mungu wa milango na wa wanaorudi nyumbani, alikuwa amebakiwa na mwitaji mmoja tu, Kibatari. Nikalitikisa kopo lake mbele ya wifi. Vilikuwemo vifungo vitatu.

"Huyu ndiye anayelinda mji mzima," nikamwambia. "Akiondoka, kazi ya miaka kumi na moja imekwenda na maji."

Wifi akalitazama lile kopo, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Unalilia kopo," akasema.

Kwa bahati Nesi na Profesa wakaingia, la sivyo ningesema neno la kujutia. Profesa alipomwona wifi akarudi nyuma hatua moja, akamkanyaga Nesi.

"Karibu ndani, bwana mdomo," nikamwambia. "Mgeni wako huyu."

Aliomba radhi mara tano. Nesi, ambaye hana maneno mengi, alivuta stuli ya kupigia pasi, akamkalisha wifi, akamuuliza anataka nini hasa. Wifi akarudia: afe, afe vizuri, kwa sheria za hukohuko, ili Jumamosi ikipita ajue hakuna mahali popote mumewe amelala.

"Basi tumwandike amekufa usingizini," Profesa akasema. "Mara moja, yamekwisha."

"Haiwezekani," nikasema, maana mimi ni Mtunza na nina kichwa kigumu. "Hafi mtu kwa kuandikwa. Anakufa kwa alichokifanya."

Wifi akauliza kifo chetu kinakwendaje. Nikamweleza. Wa kuogopwa ni Karani. Naye ni mungu, ila yeye hana kopo, maana hahitaji kuitwa; watu wanakwenda kwake watake wasitake. Amekaa ofisini nyuma ya meza ndefu, ana daftari, na foleni yake haiishi. Hakasiriki, hapokei zawadi, hasikilizi hadithi za watu. Akishaandika jina, limeandikwa. Mwaka wa kwanza tuliruhusu wafu warudi, ikawa vurugu: Profesa alikuwa anajirusha kwenye madaraja ili afike bondeni upesi, kisha anafufuliwa na kuendelea na safari. Hakuna aliyeogopa kitu, kwa hiyo hakuna aliyejali kitu. Mwaka wa pili tukapiga kura kwamba aliyekufa harudi, kwa uchawi wala kwa mungu. Watatu kwa mmoja. Aliyepinga alikuwa kaka yangu. Hatukumuuliza sababu, tulikuwa tuna haraka ya kuanza.

"Na uchawi?" wifi akauliza. "Si mnasema alikuwa mchawi?"

Nikamtolea karatasi ya Kibatari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuishika. Miaka kumi na moja alikuwa anatuita "watoto wazee" na hakuwahi kupita mlangoni siku ya mchezo.

Uchawi wetu unalipiwa kwa kumbukumbu. Mwanzoni kabisa mchezaji anamwandikia mtu wake kumbukumbu ishirini, mstari mmoja mmoja. Ukitaka kutenda la uchawi, unachagua mstari, unaukata kwa wino, na kuanzia hapo mtu wako hakumbuki tena jambo hilo, limekwenda. Mimi ndiye ninayepima uzito, kutoka sifuri hadi kumi. Kumbukumbu nyepesi inakuwashia moto wa kuni. Nzito inasimamisha mto. Profesa ameandika mambo ya kubuni, wafalme na mapanga. Kaka yangu aliandika ya kwake mwenyewe. Nilijua, maana mengine yalikuwa yangu pia.

Wifi alikuwa anapitisha kidole kwenye mistari iliyokatwa. Kumi na saba ilikuwa imekatwa. Kidole kikasimama.

"'Yeye na viatu vyekundu, siku tuliyooana, akinicheka tai,'" akasoma. Akainua uso. "Kaikata. Aliniuza?"

"Alilipia."

"Alinunua nini?"

"Mimi," Nesi akasema. "Mtu wangu alikuwa ametumbukia kisimani, maji yanapanda. Alisimamisha maji."

Wifi akafikiri. "Ulinipima ngapi?"

"Tisa."

"Tisa tu?"

"Kumi sijawahi kumpa mtu, wifi, usianze."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini kilikuwa cha kwanza nilichokisikia kutoka kwake tangu msiba, na hasira yangu ikapungua nusu nzima. Akageuza karatasi akauliza, sasa huyu mzee anauawa vipi. Profesa akaanza kutaja majoka na madaraja. Nesi akamnyamazisha, akafungua daftari la sheria, akaenda moja kwa moja ukurasa wa nyuma, ambako kaka yangu alikuwa ameandika sheria moja kwa mkono wake, yale maandishi madogo ya mtu aliyezoea kushika vikoleo vya saa.

"'Aliyemaliza shughuli zake,'" Nesi akasoma, "'anaruhusiwa kwenda kwa Karani kwa miguu yake, bila dadu. Ila apange foleni kama watu wengine.'"

Tuliipitisha sheria hiyo kwa kicheko, mwaka jana tu. Alikuwa ameshaanza kukohoa. Nilikuwa nimeisahau, au nilijifanya hamnazo, mojawapo.

"Ndiyo hiyo," wifi akasema.

Walinitazama wote watatu. Ningeweza kukataa. Mtunza akikataa, limekwisha. Nilitazama makopo yangu, nikatazama kile kiti cha upande wa dirisha ambacho kwa wiki sita hakuna aliyekikalia wala kukisogeza, nikakubali kwa shingo upande. Tukasafisha meza.

Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, kwa sauti ya kawaida. Nikasema ni asubuhi. Kibatari ameamka nyumba ya wageni, amelala sana, mwenye nyumba amemwekea maji ya kunawa. Nje mji uko vilevile. Nikamuuliza wifi, "Anafanya nini?"

"Mimi ndiye niseme?"

"Wewe ndiye umeshika karatasi."

"Ananawa," wifi akasema. "Ananawa uso mara tatu, anamwaga maji sakafuni, hapangusi."

Profesa akaangua kicheko kisha akajiziba mdomo. Hivyo ndivyo kaka alivyokuwa, ndivyo hasa.

"Halafu?"

"Anatoka. Anaenda huko kwa Karani wenu."

Mtu wa Nesi na mtu wa Profesa walimsindikiza mpaka nje ya lango. Wasio na shughuli kwa Karani hawaingii. Foleni ilikuwa ndefu: mbele yake mwanamke amebeba mbuzi aliyekufa naye siku moja, mbele ya huyo askari wawili wanaobishana nani alimuua mwenzake kwanza. Nikamwambia wifi kwamba Kibatari anaweza kusema chochote.

"Mwambie huyo wa mbuzi asogee. Magoti yanamuuma mwenzie."

Nikasema amesogea. Kisha nikasema jambo ambalo sikulipanga, lilinitoka tu. Nikasema Kibatari amegeuka nyuma, na aliyesimama nyuma yake kwenye foleni ni Mama Kizingiti. Amekuwa mdogo kama mtoto wa miaka kumi. Hakuja kumwokoa, hana uwezo huo. Mungu hafui dafu mbele ya Karani. Amekuja kwa sababu baada ya Kibatari, zamu ni yake.

"Anaogopa?" wifi akauliza.

"Sana."

"Mwambie nimemshika mkono." Akajirekebisha. "Amemshika. Kibatari amemshika."

Nesi alitoa leso. Mimi sikutoa kitu, nilikuwa ninafanya kazi. Foleni ikasogea. Mbuzi akaandikwa, mwenye mbuzi akaandikwa, Kibatari akafika mezani.

Hapa pana utaratibu, nao niliutunga mimi mwenyewe. Mtu akifika kwa Karani, Karani anazichukua kumbukumbu zake zilizobaki, zile zisizokatwa, anazisoma kwa sauti mara moja. Kisha anauliza, "Nani amesikia?" Mmoja wa wachezaji waliokaa mezani anajibu, "Nimesikia." Basi, jina linaandikwa, karatasi inachanwa. Bila wa kujibu, Karani haandiki. Nilifikiri ni vizuri mtu asiondoke bila kusikiwa, lakini zaidi nilifikiri inapendeza mchezoni.

Nikaichukua karatasi. Ilikuwa imebaki mistari mitatu.

"'Mikono ya baba ikinuka mafuta ya mashine,'" nikasoma. Baba yake ni baba yangu. Harufu hiyo ninayo mpaka leo. Nikapumua.

"'Dada yangu akikata gauni lake la kwanza, akakata na kitambaa cha meza.'"

Hiyo sikuwa ninaijua. Sikuwa ninajua kwamba aliihifadhi. Alikuwa na nafasi ya kuikata mara nyingi, angeweza kupata hata uzito wa tatu au nne, nisingembania. Profesa akajikohoza, nikaendelea.

"'Jumanne. Mvua. Dirisha la tatu.'"

Mstari wa mwisho. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuuliza nani amesikia, nikaona uso wa wifi umebadilika. Hakulia. Aliinuka tu kwenye stuli, akaenda mpaka kwenye magauni, akashika mkono wa gauni moja kama anayetaka kujua kitambaa.

"Soma tena," akasema.

"Karani anasoma mara moja."

"Soma tena, wewe!"

Nikasoma tena.

Inabidi niseme jambo kuhusu kaka yangu na mkewe. Watu wakiniuliza, nilikuwa ninajibu, hawakujaliwa mtoto. Nimelisema hilo kwa wateja, kwa majirani, kwa kila mtu, kwa sauti ileile ya kutaja bei ya kushonea. Zamani sana, nikiwa shule ya bweni, mama aliniandikia kwamba mimba ya wifi imeharibika na nisiulize. Sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nina mitihani yangu.

"Ilikuwa Jumanne," wifi akasema, akiliambia gauni. "Wanaume walikuwa hawaruhusiwi wodini. Kaka yako akazunguka nje, akahesabu madirisha. Mvua inampiga, hana hata mwavuli, kofia imelowa imemwangukia masikioni. Muuguzi akamwonea huruma, akambeba mtoto mpaka dirishani akamwinua. Wa kike. Akafumbua macho, akamtazama. Kaka yako akapunga mkono. Mvua yote ile, anapunga mkono kama mtu aliyeko kituo cha treni."

Akaliachia lile gauni.

"Watu wanasema hatukujaliwa. Tulijaliwa. Dakika arobaini."

Kisha akageuka na kuniuliza kile ambacho nilikuwa ninaomba asiniulize. "Ulimpima ngapi?"

Profesa akasema, "Jamani, tupumzike kidogo." Nesi akamshika goti.

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia. Miaka minne iliyopita, mwezi wa kumi, kulikuwa na mtoto katika hadithi yetu, binti wa mwashi, ambaye Kibatari alikuwa amemlea. Dadu za Profesa zikaenda vibaya, binti akaanguka darajani, akafa. Kaka yangu hakuwa mtu wa kubishana na dadu. Siku ile alisimama. Aliweka kidole kwenye mstari wa ishirini akasema, "Ninalipa hii. Arudi." Mimi nikaivuta karatasi, nikasoma, nikacheka. Nikamwambia, Jumanne, mvua? Hii ni sifuri, kaka, hii haiwashi hata kibiriti. Na aliyekufa harudi, tulishapiga kura. Tukacheka wote. Naye alicheka. Profesa alimwita Bwana Jumanne mwezi mzima.

"Sifuri," wifi akasema.

"Sifuri."

Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimeshajiandaa, ningepokea yote. Mimi nilikuwa nimejiona bingwa wa kupima mambo ya watu, na kaka yangu wa tumbo moja aliniwekea mezani kitu pekee alichokuwa nacho, nikamrudishia kwa kicheko. Nilijichukia kiasi ambacho sikuwa ninajua kinawezekana.

Wifi hakunitukana. Alirudi akakaa. Hakukaa kwenye stuli. Alikaa kwenye kile kiti cha upande wa dirisha, na kiti kikalia kama kilivyokuwa kikilia siku zote.

"Mwezi wa kumi," akasema. "Miaka minne. Alirudi nyumbani jioni, nilikuwa ninapiga pasi mashuka. Akasimama mlangoni, hakuingia. Akaniuliza, unaikumbuka ile mvua?"

Akakunja vidole vyake mezani, akavikunjua.

"Nikamwambia, mvua gani? Sogea, unanizibia mwanga."

"Hukujua anamaanisha nini," Nesi akasema kwa upole.

"Nilijua," wifi akasema. "Nilijua kabla hajamaliza kusema. Miaka yote ile nilikuwa ninajiambia kwamba yeye amesahau, kwa hiyo ninabeba peke yangu, na nilishazoea kubeba peke yangu. Akija kuniuliza leo, nitafanya nini na mikono yangu? Nikamwambia mvua gani. Akasogea."

Nje, mtu alisukuma mkokoteni wa chupa, zikagongana mpaka mwisho wa barabara. Profesa alikuwa analia waziwazi kama mtu aliyepigwa. Nikamwambia wifi kwamba tunaweza kuacha hapahapa. Tunaweza kupiga kura upya, tuifute ile sheria ya wafu, Mtunza ni mimi, nani atanizuia. Nesi alisema anaunga mkono. Profesa aliinua mkono wake wote.

Wifi akatikisa kichwa.

"Hapana. Hawarudi," akasema. "Wewe ulisema kweli siku ile, japo ulicheka. Endelea na kazi yako, Karani."

Nikaichukua karatasi kwa mikono miwili.

"Nani amesikia?"

Nesi akamgusa bega, akamnong'oneza jibu linalotakiwa, maana wifi alikuwa mgeni na hakuwa ameshika utaratibu. Wifi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama ile karatasi mikononi mwangu na kujibu jibu lake mwenyewe.

"Nilikuwepo."

Si neno la sheria. Nikaandika jina hivyohivyo.